Bibi alikuwa machachari, mbona mnataka kumfanya malaika?

Toleo lililopita tuliwaomba mtuandikie kuhusu bibi zenu waliotangulia, hasa wale wenye vituko, na jamani mmeandika. Kuna barua nimesoma nacheka mpaka mwenzangu wa meza ya jirani akauliza kulikoni, ukurasa wa pili niko natafuta tishu. Siwezi kuzijibu zote. Nimechagua hizi, nimezifupisha, majina nimeyaficha kama kawaida yetu, na ya kwanza nimeiweka mbele kwa sababu nusu ya barua zilikuwa zinauliza hichohicho kwa njia nyingine.

Anti shikamoo. Bibi yetu mzaa mama amefariki akiwa na miaka 84 na familia imenipa mimi kazi ya kumzungumzia kwenye mazishi. Shida ni kwamba bibi alikuwa mtu wa vituko, anakuibia kwenye karata mchana kweupe, anajibizana na madaktari, ana misemo siwezi hata kuiandika hapa. Sasa mama mkubwa kashanipa karatasi aliyoandika yeye, "alikuwa mpole, mnyenyekevu, mwenye subira". Anti nilicheka nikalia hapohapo. Subira ipi? Nifanyeje nisigombane na mama mkubwa na pia nisimdanganye bibi? (Mjukuu aliyepewa maiki)

Marahaba mwanangu, na pole sana.

Kwanza mama mkubwa usimuone adui. Yeye kafiwa na mama yake mzazi, wewe umefiwa na bibi, hiyo si huzuni moja hata kama mnalia kwenye kochi moja. Anachoogopa ni watu kumcheka mama yake siku ambayo mama hawezi kujibu, na kwa jinsi unavyomuelezea huyo bibi, kukaa bila kujibu ndo kitu ambacho hajawahi kufanya maisha yake yote. Kwahiyo kabla hujaandika hata mstari nenda kakae naye umwambie "mama mkubwa, hebu niambie siku ambayo bibi alikuudhi mpaka ukaishia kucheka", halafu nyamaza. Usimsaidie. Atakwambia hakuna, atasema mama hakuwa mtu wa hivyo, baada ya muda utasikia "ila kuna siku moja..." na hapo andika kila anachosema kwa maneno yake yeye, maana hicho ndicho kitakachoingia kwenye hotuba, na ni vigumu sana mtu kuipinga hotuba ambayo kisa chake mwenyewe kimo ndani.

Sasa hayo mambo ya mpole mnyenyekevu mwenye subira. Maneno hayana kosa, shida ni kwamba yanamfaa kila marehemu, ukibadilisha jina pale juu unaweza kuyasoma kesho kwenye msiba wa mtu mwingine na hakuna atakayeshtuka. Wewe umeandika "anaibia kwenye karata", na hiyo nayo bado ni nusu. Anaibaje? Kwenye ukurasa wako wa pili, ambao nimeukata hapa, umesema alikuwa anakalia karata, anaificha chini ya paja la kushoto, na mkimkamata anawaambia alikuwa anailinda isipotee. Basi, hicho ndo kisomwe! Na hilo neno kushoto libaki, usije ukaandika paja tu, kwa sababu humo ndani kuna watu waliocheza naye na wakisikia kushoto watajua huyu anayeongea alikuwepo kweli.

Cha kuacha ni kipi? Mimi nina maswali mawili. Je, bibi mwenyewe angekisimulia mbele za watu? Na je, yupo mtu aliye hai ambaye kitamuumiza au kumuaibisha? Kisa cha karata kinapita bila shida. Siri ya ndoa ya mtoto wake haipiti hata kama inachekesha kuliko vyote, na madeni, na nani ni baba wa nani, hayo kaa nayo. Halafu kuna jambo ambalo wengi mmelizungukazunguka kwenye barua zenu bila kulitaja: bibi mwenye vituko huwa pia kuna watu aliwaumiza, ule mdomo uliokuwa unawachekesha wajukuu ulikuwa unawachoma wakwe. Hulazimiki kulisema mazishini, ila usilikanushe. Ukisimama ukasema hakuwahi kumkosea mtu, kuna mtu pale safu ya tatu atainamisha kichwa, na kuanzia hapo hakusikilizi tena.

Urefu, dakika 5 zinatosha, 7 ndo mwisho. Mtu akisoma taratibu mbele ya watu hesabu maneno kama 100 kwa dakika, halafu ujipime mwenyewe na simu ukiwa unasoma kwa sauti, sio kimoyomoyo, kimoyomoyo kila mtu ana spidi. Anza na kisa. Mwaka aliozaliwa, watoto wangapi, wajukuu wangapi, hayo yaweke katikati au yaache kwenye wasifu atakaosoma mtu mwingine, maana watu wakisikia orodha mwanzoni akili zinatoka nje zinaenda kuwasha gari. Printi kwa herufi kubwa, 16 au hata 18, upande mmoja tu wa karatasi, na kila ukurasa uupe namba kwa sababu mikono itatetemeka na karatasi zitachanganyika na machozi yakija herufi ndogo hazisomeki kabisa. Nakala ya pili mpe binamu yako mmoja asiyelia ovyo. Kilio kikikukaba simama, toa pumzi polepole, iwe ndefu kuliko ulivyoivuta, tazama kitu ambacho sio uso wa mtu, endelea. Ikigoma kabisa binamu anamalizia na hakuna atakayekulaumu.

Na ile karatasi ya mama mkubwa usiitupe. Chukua neno moja mle ndani, moja tu ambalo ni la kweli, utafute kisa kinacholibeba. Inawezekana kabisa kuna mtu mmoja ambaye bibi alikuwa na subira naye, labda mtoto aliyekuwa anaumwaumwa, labda mjukuu mwenye kigugumizi. Muulize mama mkubwa, pengine alikuwa anamaanisha huyo.

Anti, mimi ni mwanaume wa miaka 31. Nyanya yangu aliaga mwezi uliopita na kila nikimkumbuka nacheka. Juzi kazini nimekumbuka vile alikuwa anajifanya haskii mtu akimuomba pesa na akisikia jina lake likisemwa chumba cha pili anaitika, nikacheka peke yangu watu wakaniangalia. Usiku ndio nalia. Halafu watu wananiambia ni nyanya tu, alikuwa amezeeka, mbona nasumbuka hivi. Niko sawa kweli?

Uko sawa, kijana wangu, tena sawa kuliko hao wanaokushangaa. Mwaka 1997 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Dacher Keltner na George Bonanno, walitoa utafiti kuhusu watu waliofiwa na wenza wao, walikuwa wamewarekodi vidio wakimzungumzia marehemu. Wale waliocheka kicheko cha kweli, kile ambacho mpaka macho yanabana, ndio waliokuwa na hasira kidogo na wanaopatana vizuri zaidi na watu wao. Kwahiyo kicheko chako hakimdharau nyanya. Na huko kucheka mchana kulia usiku nako kumeandikwa, Margaret Stroebe na Henk Schut wa Uholanzi mwaka 1999 walieleza kwamba mtu aliyefiwa huwa anakwenda na kurudi, saa hii yuko ndani ya huzuni, saa ile yuko kwenye mambo ya maisha, na huko kwenda na kurudi ndo kunamfanya aweze kuendelea. Zile hatua tano ambazo kila mtu anazitaja, sijui kukataa sijui hasira sijui nini, Elisabeth Kübler-Ross alizitoa mwaka 1969 baada ya kuongea na wagonjwa waliokuwa wanakaribia kufa wenyewe, sio ngazi ambayo mfiwa anatakiwa aipande kwa foleni, kwahiyo usijitafute uko namba ngapi.

Hilo la "ni nyanya tu" linaniudhi, naomba niseme. Umri wa marehemu unaeleza kwa nini amekufa, haupunguzi kitu kwa aliyebaki. Kuna mtaalamu anaitwa Kenneth Doka ambaye tangu 1989 ameandika sana kuhusu huzuni ambazo watu wanaozunguka mfiwa wanakataa kuzitambua, na huzuni ya namna hiyo inachosha zaidi kwa sababu unalia na huku unajitetea. Wewe acha kujitetea. Kitu kimoja tu angalia: mfumo wa Shirika la Afya Duniani wa kuorodhesha magonjwa, unaitwa ICD-11, unasema huzuni ikizidi miezi 6 ikiwa bado nzito kiasi kwamba huwezi kufanya kazi wala kuishi na watu, na imepita kabisa kile ambacho jamii yako inakiona cha kawaida, hapo ni suala la kwenda kumuona mtaalamu. Mwezi mmoja na vicheko? Wewe cheka tu.

Habari Anti. Bibi hakuwa anaandika meseji, alikuwa anatuma voisi tu, nyingine dakika nne anamsema jirani. Ziko kwenye simu yangu ambayo kioo kimepasuka na inajizima yenyewe. Pia kuna kaseti moja ya zamani anaimba. Naogopa vyote vitapotea. (Mjukuu wa mwisho)

Weka chini jarida uanze leo, nitakusubiri.

Haya. Voisi za WhatsApp kwenye simu ni mafaili ya kawaida tu, mengi mwisho wake yana neno opus. Fungua gumzo lako na bibi, nenda kwenye kuhamisha gumzo, chagua pamoja na midia, ujitumie kwenye imeili au uhifadhi sehemu nyingine. Kama gumzo ni refu sana halitachukua kila kitu, kwahiyo zile unazozipenda zaidi zitoe moja moja. Halafu zipe majina ya maana, mwaka mwezi tarehe na anachosema, kwa mfano "2021-03-14 bibi anamsema jirani kuhusu kuku", la sivyo miaka kumi ijayo utakuwa na mafaili mia tatu yenye namba tupu na hutafungua hata moja. Watunza kumbukumbu wana kanuni yao, nakala 3, kwenye vifaa vya aina 2 tofauti, na 1 ikae nje ya nyumba yako. Kwahiyo laptopu, flashi au diski ya nje ya kompyuta, na moja kwenye akaunti ya mtandaoni au kwa ndugu anayeishi kwingine. Flashi peke yake usiiamini, ikikaa miaka bila kuchomekwa popote chaji inayoshikilia data inavuja kidogokidogo, kwahiyo ichomeke mara mojamoja na uhamishe mambo kabla haijachoka.

Kuna mambo ya akaunti yake bibi pia ambayo watu hawayajui. Akaunti ya WhatsApp ikikaa bila kutumika siku 120 kwa kawaida inafutwa, na namba ya simu isiyotumika kampuni inaweza kumpa mtu mwingine, siku moja unaona "bibi yuko hewani" na moyo unakutoka. Google nao tangu Desemba 2023 wameanza kufuta akaunti binafsi ambazo hazijaguswa kwa miaka 2, pamoja na picha zilizomo. Kama simu yake bado ipo nyumbani, msiifomati ili mumpe mtoto wa shule! Toeni vilivyomo kwanza.

Kaseti sasa. Angalia ukingo wake wa juu, ule upande ambao utepe hauonekani, kuna vijimeno viwili vya plastiki kwenye kona. Vivunje vyote viwili. Vikishatoka redio haiwezi kurekodi juu yake, na amini usiamini sauti nyingi za wazee zimefutwa hivyo, mtoto kabonyeza batani nyekundu. Halafu kabla ya kuicheza iangalie utepe, ukiona unga mweupe au ukungu usiiweke kwenye redio, mpelekee mtu anayefanya kazi ya kuhamisha kaseti. Ikiwa safi, ipeleke mbele mpaka mwisho kisha irudishe, ndo uicheze, na wakati inacheza iwe inarekodiwa hapohapo kwa waya kwenda kwenye kompyuta, sio kwa kuweka simu karibu na spika, hiyo utapata na mbwa wa jirani. Mara ya kwanza kuicheza inaweza ikawa ndo ya mwisho, kwahiyo usiianze kwa kujaribu tu.

Anti tunagombana mimi na kaka yangu. Kuna siku bibi alimfukuza mwizi na mwamvuli, mimi nasema ilikuwa asubuhi na mimi nilikuwa mlangoni, kaka anasema ilikuwa usiku na mimi hata sikuwepo. Kati yetu nani mwongo?

Hakuna mwongo, na pengine wote mmekosea.

Nitakwambia kisa cha kweli. Januari 1986 chombo cha anga cha Marekani kinaitwa Challenger kililipuka angani. Kesho yake asubuhi mwanasaikolojia Ulric Neisser akawapa wanafunzi karatasi waandike walikuwa wapi, na nani, waliipataje habari. Baada ya miaka kama miwili na nusu yeye na Nicole Harsch wakawauliza tena walewale. Karibu robo yao walikosea kila kitu cha msingi, na wengine walikuwa na uhakika kabisa. Walipoonyeshwa mwandiko wao wenyewe kuna waliosema ndiyo huu ni mwandiko wangu, ila nilichokwambia sasa ndo kweli. Kwahiyo uhakika wa kaka yako sio ushahidi, na wako pia sio. Kila mara kisa kinapotolewa na kusimuliwa kinajengwa upya, na familia inayosimulia sana ndo inayokijenga sana, bibi mwenyewe akiwa fundi mkuu, maana nina uhakika mwizi alikuwa anaongezeka urefu kila mwaka.

Cha kufanya, andikeni vyote viwili. Usilazimishe viwe kimoja. "Kaka anasema usiku, mimi nasema asubuhi, mwamvuli wote tunaukubali." Na kama unataka kukusanya zaidi waulize ndugu mmojammoja kabla hawajakaa pamoja, kwa sababu wakishakaa pamoja mwenye sauti kubwa anashinda na wengine wanaanza kukumbuka alichokumbuka yeye. Usiulize "bibi alikuwa mtu wa namna gani", utarudishiwa yale ya mpole mnyenyekevu. Uliza vitu vya kushikika: alikuwa anakaa upande gani wa chumba, alikuwa anaweka wapi funguo, akikasirika anaanza na neno gani, alikuwa anatembeaje akiwa na haraka. Kama wenzake wa rika wapo hai wafuate kwanza kabla ya hao wajomba, na waulize kuhusu ujana, maana wazee wengi wanakumbuka vizuri sana mambo ya kati ya miaka 10 na 30 kuliko yaliyofuata. Utashangaa. Huyo bibi wa mwamvuli alianza zamani.

Hatujui bibi alizaliwa mwaka gani, kitambulisho kinasema tarehe 1 Januari lakini yeye alikuwa anasema waliandika tu. Tuandike nini kwenye kaburi?

Alikuwa anasema kweli, watu wengi sana wasio na cheti waliandikiwa 1 Januari kwa sababu karani alihitaji kujaza. Tafuteni matukio makubwa yenye tarehe inayojulikana ambayo aliyahusisha na umri wake. Kama alisema Vita vya Pili vya Dunia vinaisha, yaani 1945, yeye alikuwa anabeba mdogo wake mgongoni, basi huyo hakuwa na miaka miwili, huenda alikuwa na kati ya 6 na 10. Kupatwa kwa jua ni kuzuri zaidi, kama alikumbuka mchana kuwa giza, tarehe zote za kupatwa kwa jua na sehemu zilizopatwa zinahesabika na zimeshaorodheshwa. Ukipata mwaka wa kukadiria andika "karibu 1937". Neno karibu halina aibu, na ni bora kuliko tarehe ya karani.

Binti yangu ana miaka minne anauliza bibi amekwenda wapi, nimemwambia amelala. Sasa anaogopa kulala. (Mama wa mtoto mmoja)

Mwambie kweli, kwa maneno mafupi: bibi amekufa, mwili wake umeacha kufanya kazi, hapumui, hasikii maumivu, na hawezi kurudi. Halafu mwambie kulala ni kitu kingine, sisi tukilala tunaamka. Watoto wengi huanza kuelewa vizuri kwamba kifo hakina kurudi wakiwa na miaka kati ya 5 na 7, kwahiyo kabla ya hapo atakuuliza tena kesho, na keshokutwa tena, na sio kwamba hakukusikia. Jibu lilelile kila mara. "Amesafiri" usiseme pia, atamsubiri mlangoni na siku wewe ukisafiri utaona kazi. Mengine ambayo familia yenu inaamini kuhusu baada ya kifo mweleze, ila baada ya haya.

Shikamoo Anti. Kila mtu ananiambia mimi ni bibi mtupu, sura, mdomo, ubishi. Yeye alikuwa mzaa baba. Kuna ukweli wa kitaalamu au ni mambo ya wazee tu? (Msichana mbishi)

Marahaba mbishi. Kwa wastani robo ya vinasaba vyako vimetoka kwake, hiyo ni kwa bibi yeyote. Lakini wewe ni mtoto wa kike na yeye ni mzaa baba, na hapo kuna kitu kizuri: baba yako ana kromosomu X moja tu, aliipata kwa mama yake, na hiyohiyo ndiyo aliyokupa wewe, karibu nzima kama alivyoipokea. Kaka yako hana hiyo, yeye kwa baba alipata Y. Siku akikubishia mwambie.

Wenye bibi mzaa mama msinune, nyie mna lenu. Mama yako akiwa tumboni mwa bibi, mimba ina wiki kama 20 hivi, ovari zake zilikuwa tayari na mayai machanga yote atakayowahi kuwa nayo, milioni 6 au 7, na moja kati ya hayo ndo wewe. Yaani kuna kipindi bibi alikuwa anacheza muziki na nyie wawili mko ndani.

Ubishi sasa. Tafiti za mapacha zinaonyesha kwamba karibu nusu, au chini kidogo, ya tofauti za tabia kati ya watu inahusiana na kurithi, nyingine inatokana na maisha. Na wewe umeniambia umelelewa naye mpaka darasa la saba, kwahiyo nusu ya pili nayo alikuwa anaishughulikia yeye mwenyewe kila siku. Hukuwa na pa kutokea.

Anti, wengine mnaongelea bibi waliokufa, wangu yupo, ana miaka 88, mcheshi ajabu ila anaanza kusahau, ananiita kwa jina la mama. Nikitoa simu nimrekodi anakataa, anasema "unaniandalia msiba?" Nifanyeje na muda ndo huu?

Huyo nimempenda bure.

Usimfiche simu ukamrekodi kwa siri, kwanza sio heshima na pili akijua hataongea tena. Mwambie ukweli wa namna nyingine, kwamba unataka watoto wako wamsikie akiwasema. Watu wa aina yake wakipewa nafasi ya kumsema mtu huwa hawakatai. Au usianze na kurekodi, muonyeshe simu uiweke mezani, halafu anza na picha za zamani, kwa sababu picha inamtoa kwenye kujiangalia. Mpe moja mkononi umuulize huyu pembeni ni nani, na majina atakayotaja uyaandike nyuma ya picha kwa penseli laini bila kukandamiza, sio kwa peni. Ukikosea jina kwa makusudi, ukasema huyu ni fulani, atakurekebisha haraka sana na kisa juu. Wakati mwingine atakuwa tayari amesahau kama kuna simu mezani, ambayo ulimuonyesha mwanzoni na akaguna tu.

Kuhusu kusahau, Théodule Ribot wa Ufaransa aliandika tangu 1881 kwamba kumbukumbu mpya ndo zinaondoka mwanzo na za zamani zinabaki nyuma, na kwa wazee wengi ndo inavyokuwa, hatajua umekuja jana ila anajua nguo aliyovaa akiwa msichana. Kwahiyo usimuulize ya wiki hii, utamtia aibu bure. Muulize ya utoto, nyimbo, michezo, nani alikuwa anamchapa na kwa kosa gani. Nenda muda ambao yuko vizuri, kwa wengi ni kabla ya jioni, kaeni muda mfupi, akichoka acha. Na umpeleke hospitali apimwe kama bado hajapimwa, kwa sababu kusahau kwingine kunatokana na mambo yanayotibika, matatizo ya tezi ya shingo, upungufu wa vitamini B12, hata dawa anazotumia.

Akikuita kwa jina la mama yako usimsahihishe, itika. Halafu muulize huyo binti yake alikuwa mtundu kiasi gani, maana mama yako hatakuambia.